Galektini-3, HBME-1, CK19, CD56 au VE1: tupake kipi kutenganisha uvimbe wa thairoidi usio saratani na ule wa saratani?

Kinundu cha sentimita 3 kimetolewa kwenye tezi ya thairoidi ya mama wa miaka arobaini na kitu. Kimezungukwa na ganda jembamba, ndani kimejaa folikuli ndogondogo, yaani vifuko vya seli za thairoidi, na viini vya seli vimepauka kidogo. Baadhi vina mfereji katikati, vingine havina. Rangi ya kawaida ya hematoksilini na eosini imeshasema yote iliyokuwa nayo. Daktari wa upasuaji anasubiri jibu, maana ndilo litakaloamua kama mama huyu abaki na nusu ya tezi yake na maisha yaendelee, au arudishwe chumba cha upasuaji kutolewa nusu iliyobaki kisha apelekwe Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar es Salaam, kupewa iodini ya mionzi. Hapo ndipo maabara inapojiuliza: tupake kingamwili ipi, yaani protini inayoshika molekuli moja maalumu ya seli na kuionyesha kwa rangi ya kahawia?

Swali hilo likiulizwa kwa mkupuo, kwamba ni kingamwili ipi inayoonyesha saratani ya thairoidi, jibu lake ni hakuna. Hakuna hata moja inayopaka saratani zote na kuuacha uvimbe wote usio saratani. Kila moja inajibu kipande chake cha swali, na fedha nyingi za maabara hupotea kwa kuilazimisha moja ijibu kipande cha mwenzake.

Maswali mawili yanayochanganywa

Swali la kwanza: je, viini hivi ni vya saratani ya papila, moja ya aina za saratani ya thairoidi? Saratani hiyo hutambuliwa kwa sura ya kiini. Viini vyake ni vikubwa, vinapandana, vimepauka kama kioo chenye ukungu, kingo zake zimekunjamana, vina mifereji, na mara nyingine saitoplazimu imejibonyeza ndani ya kiini ikaonekana kama shimo la duara. Sura ikiwa dhahiri hivyo, kingamwili haihitajiki. Sura ikiwa nusunusu, viashiria, yaani kingamwili hizi, vinasaidia.

Swali la pili: je, uvimbe huu wa folikuli umepenya ganda lake au kuingia kwenye mishipa ya damu? Hapa seli za adenoma, yaani uvimbe usio saratani, na za saratani ya folikuli zinaweza kufanana kama mapacha. Kinachotenganisha ni mahali zilipofika. Ndiyo maana sindano ya kunyonya seli haiwezi kuamua jambo hili: inaleta seli bila ganda. Na ndiyo maana kingamwili inayopaka seli, hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kuwa shahidi wa kupenya.

Kwa maabara za Dar es Salaam tofauti hii ina uzito wa pekee. Tunapokea sampuli za wagonjwa wanaotoka nyanda za juu, Njombe, Iringa, Mbeya na kwingineko ambako rovu la upungufu wa iodini limekuwepo miaka mingi. Mahali ambapo iodini ilikuwa haba, sehemu ya saratani za folikuli huwa kubwa ukilinganisha na za papila. Vitabu vingi tunavyosomea vimeandikwa kwenye nchi ambako papila ndiyo inayotawala, na orodha za viashiria zilizomo zimeelemea swali la kwanza. Anayeinakili orodha hiyo kama ilivyo ataagiza kingamwili nne za kutambua papila, kisha atakwama kwenye bloku, yaani vipande vya tishu vilivyowekwa ndani ya nta, zenye swali la pili.

Galektini-3 na HBME-1

Tuanze na hizi mbili kwa sababu ndizo zinazogombea nafasi ya kwanza, na tofauti zake ni za kweli.

Galektini-3 ni protini inayoshikana na sukari za aina ya galaktosi. Seli ya kawaida ya folikuli haina, au inayo kidogo sana. Saratani nyingi za papila, na saratani kadhaa za folikuli, zinaitengeneza kwa wingi. Rangi ya kahawia hukaa kwenye saitoplazimu na mara nyingine kwenye kiini pia. Utafiti wa vituo vingi wa Italia uliochapishwa mwaka 2008 uliipima kwenye vinundu 465 ambavyo sindano haikuweza kuviamua: ilikamata asilimia 78 ya saratani, na kati ya vinundu visivyo saratani iliviacha bila rangi asilimia 93.

Namba hizo zinavutia, lakini ziweke mezani uzihesabu. Chukulia vinundu 400, na 100 kati yake viwe saratani. Galektini-3 itakamata 78 na kukosa 22. Katika vile 300 visivyo saratani, 21 vitapaka rangi kimakosa. Kwa hiyo kila vinundu 99 vilivyopaka, 78 ni saratani kweli. Na kati ya 301 vilivyokataa kupaka, 22 ni saratani zilizojificha. Kiashiria cha namna hii kinasogeza mashaka upande mmoja au mwingine. Hakitoi hukumu.

HBME-1 ni kingamwili iliyotengenezwa kutokana na seli za saratani ya mesotheliamu, ule utando unaofunika mapafu na matumbo. Inatambua kitu kilicho juu ya vinyweleo vya uso wa seli. Kwenye thairoidi iliyo chanya utaona mstari mwembamba wa kahawia, safi, ukizunguka ukingo wa ndani wa folikuli kama wino uliochorwa kwa kalamu nyembamba. Katika papila iliyokomaa mstari huo unaweza kuizunguka seli yote. Koloidi, ule ute ulio katikati ya folikuli, nayo hupaka mara nyingi, na hiyo haihesabiwi. Saitoplazimu ikipaka peke yake bila mstari wa utando, usihesabu pia. Makosa mengi ya usomaji wa HBME-1 yanatoka kwenye mambo hayo mawili.

Zikiwekwa bega kwa bega, HBME-1 ndiyo ya kuaminiwa zaidi ikisema ndiyo, maana tezi ya kawaida na rovu la kawaida kwa kiasi kikubwa haviipokei. Galektini-3 hukamata wengi zaidi, lakini pia hudanganywa zaidi. Inapaka kidogokidogo kwenye thairoidi yenye Hashimoto, ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia tezi. Inapaka makrofaji, seli zinazomeza mabaki, kwa nguvu, na rovu la miaka mingi lililowahi kuvuja damu ndani limejaa makrofaji. Msomaji mwenye haraka akitumia lenzi ndogo anaona eneo la kahawia na kuandika chanya, kumbe seli za folikuli zenyewe ziko bluu tupu. Kwa hiyo kwenye Hashimoto na kwenye rovu lenye damu ya zamani, tungetanguliza HBME-1.

Kwenye uvimbe wa onkositi mambo yanageuka. Hizi ni zile seli nene zenye saitoplazimu ya waridi iliyojaa chembechembe. HBME-1 huzikosa mara nyingi hata zikiwa saratani, hivyo hasi yake hapo haina maana. Galektini-3 inaweza kusaidia, ila kwa sharti moja. Seli za onkositi zina biotini nyingi ya asili, na kuchemsha slaidi huifunua. Ukitumia seti ya zamani ya vitendanishi vya avidini na biotini, seli zote zitageuka kahawia kwa sababu ya biotini hiyo, wala si kwa sababu ya galektini. Tumia seti ya polima, isiyotumia biotini. Kama haipo, zuia biotini kwanza, na upake slaidi moja ya mgonjwa huyohuyo bila kingamwili ya kwanza. Slaidi hiyo ikiwa kahawia, matokeo yote ya siku hiyo kwa uvimbe huo yatupwe.

Mpaka wa kuita chanya uandikwe na maabara kabla ya kuanza, usibuniwe kesi kwa kesi. Maabara nyingi hutumia asilimia 10 ya seli za uvimbe. Sisi tungeongeza kwamba rangi iwe ya wastani au kali. Vumbi la kahawia lililotawanyika kwenye asilimia 15 ya seli halimsaidii mgonjwa.

CK19

Sitokeratini 19 ndiyo inayopatikana kirahisi kuliko zote, kwa kuwa maabara nyingi huwa nayo tayari kwa ajili ya saratani za ini, nyongo na kongosho. Papila ya kawaida hupaka kali na kwa kuenea. Taabu ni kwamba folikuli zisizo na ugonjwa pia hupaka, hasa zilizobanwa chini ya ganda, zilizo kando ya njia ya sindano, na zilizozungukwa na limfosaiti. Tena ukichemsha slaidi kupita kiasi, tezi ya kawaida yote inaanza kupaka.

Kwa hiyo soma CK19 kwa namna hii tu: ikiwa kali na imeenea uvimbe mzima, inaunga mkono papila; ikiwa haipo kabisa, inatia shaka papila; ikiwa katikati, haina thamani, iandike hivyo na uendelee. Haifai kuwa kiashiria cha kwanza. Kama cha tatu kando ya wale wawili, inafaa.

CD56, inayosomwa kinyume

CD56 ipo kwenye utando wa seli za kawaida za folikuli na hupotea kwenye papila. Uzuri wake ni kwamba kipimo cha ubora kimo ndani ya slaidi hiyohiyo: tezi ya kawaida kando ya uvimbe lazima iwe na mstari wa kahawia, na neva ndogo kwenye ganda pia.

Ila zingatia jambo hili, kwa sababu linaumiza. Kwenye galektini-3, HBME-1 na VE1, kipande kilichohifadhiwa vibaya huificha saratani, kwa kuwa rangi haitokei. Kwenye CD56 kipande kilichohifadhiwa vibaya huzusha saratani, kwa kuwa kupotea kwa rangi ndiyo alama ya ugonjwa. Tezi nzima iliyosafiri usiku kucha kwenye basi ndani ya kopo lenye formalini ya kufunika nusu tu, katikati yake itakuwa haina CD56 hata kama ni rovu la kawaida kabisa. Usisome CD56 mahali ambapo hakuna folikuli ya kawaida iliyopaka ndani ya milimita chache kutoka pale unapotazama. Maabara inayopokea sampuli nyingi za mbali isiinunue mapema.

VE1

VE1 ni kingamwili inayotambua protini ya BRAF iliyobadilika, ile ambayo asidi amino ya 600, valini, imegeuka kuwa glutameti. Badiliko hili liko kwenye takriban nusu ya saratani za papila, na halipatikani kwenye adenoma wala saratani ya folikuli. Chanya ya kweli, yaani saitoplazimu yenye chembechembe za kahawia sawasawa uvimbe mzima, inakaribia kabisa kuwa hukumu, jambo ambalo vingine vyote haviwezi.

Basi mbona tusiitangulize? Kwa sababu inang'aa zaidi pale ambapo haihitajiki. BRAF iliyobadilika hupatikana zaidi kwenye papila yenye sura yake kamili na ile ya seli ndefu, ambazo msomaji ameshazitambua kwa rangi ya kawaida. Uvimbe wenye folikuli tupu na viini nusunusu, kama wa mama wetu, mara nyingi hubeba mabadiliko ya RAS, na VE1 huwa hasi. Kuna kingamwili ya RAS pia, inayotambua badiliko la Q61R, lakini RAS hubadilika hata kwenye adenoma, kwa hiyo haitenganishi kitu katika swali hili.

Mahali ambapo VE1 inastahili fedha yake ni moja: pale unapotaka kuita uvimbe NIFTP. Jina hili lilipendekezwa mwaka 2016 na kuingizwa kwenye mwongozo wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, kwa ajili ya uvimbe wa folikuli wenye viini vinavyofanana na vya papila lakini ambao haujapenya popote. Hauitwi tena saratani. VE1 ikiwa chanya, jina hilo halitumiki. Hasi yake haithibitishi, inaruhusu tu.

Na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: HBME-1 na galektini-3 mara nyingi huwa chanya kwenye NIFTP. Ukiona chanya mbili ukaandika saratani, umempeleka mgonjwa kwenye upasuaji wa pili asiouhitaji. Tofauti kati ya NIFTP na ndugu yake aliyepenya iko kwenye ganda, si kwenye rangi.

Kwa swali la pili: ganda kwanza, halafu CD31 au ERG

Kabla ya kingamwili yoyote, kata ganda. Uvimbe wenye ganda ukatwe vipande vya unene wa milimita 3 hivi, na ukingo wote unaokutanisha uvimbe, ganda na tezi uingie kwenye kaseti, visanduku vidogo vya kuandalia bloku. Kwa kinundu cha sentimita 3, kaseti 10 hadi 15 zitatosha. Katikati ya uvimbe panaweza kuachwa. Kata kwa pembe ya mraba na ganda. Ukikata kwa mshazari ganda linaonekana nene, na ulimi wa uvimbe unaonekana umezama ndani yake wakati haujazama. Bloku kumi za ziada zenye rangi ya kawaida kwa kawaida ni nafuu kuliko kingamwili tatu, na ndizo zitakazoonyesha kupenya.

Kupenya ganda ni uvimbe kulivuka ganda unene wake wote, mara nyingi ukichanua upande wa pili kama uyoga. Jihadhari na njia ya sindano: sindano ikishapita huacha tundu kwenye ganda lenye damu ya zamani, makovu na folikuli zilizosukumwa. Muulize daktari tarehe ya sindano. Fomu nyingi hazina taarifa hiyo.

Kuingia kwenye mshipa wa damu ndiko kunakobadilisha zaidi hatima ya mgonjwa, na hapa CD31 au ERG inasaidia kuliko galektini zote. Kingamwili hizi zinapaka seli za ndani ya ukuta wa mshipa. Hesabu mshipa ulio ndani ya ganda au nje yake. Ulio katikati ya uvimbe haumo. Donge la seli liwe limeshikamana na ukuta, limefunikwa na endothelia, yaani seli hizo za ukuta wa mshipa, au limeambatana na bonge la damu lililoganda. Seli zinazoelea huru ndani ya tundu zimesukumwa na kisu. Na tundu lenyewe linaweza kuwa si mshipa, bali tishu iliyojikunyata ikaacha nafasi. Hapo ERG inamaliza ubishi, kwa kuwa ukingo usio na kiini hata kimoja cha kahawia si mshipa. Tunaipendelea ERG kidogo kuliko CD31, kwa sababu CD31 hupaka makrofaji na chembe sahani pia. Mishipa minne au zaidi iliyoingiliwa iandikwe kwa namba, kwani inamweka mgonjwa kwenye kundi la hatari zaidi.

Kalsitonini haiko kwenye shindano, lakini iwepo

Saratani ya medula inaweza kuiga karibu kila kitu: folikuli, papila, onkositi. Haitoki kwenye seli za folikuli, na iodini ya mionzi haiigusi. Viashiria vyako vikigongana, viini vikiwa na chembechembe kama chumvi na pilipili, au ukiona dutu ya waridi isiyo koloidi, paka kalsitonini na thairoglobulini. Medula itakuwa chanya kwa ya kwanza na hasi kwa ya pili. TTF-1 haitakusaidia kwa kuwa zote mbili, medula na za folikuli, huipokea. Jibu likiwa medula, familia nayo inahusika, kwa sababu ya jeni la RET.

Jambo jingine dogo: uvimbe wa trabekula wenye hayalini una viini vinavyodanganya kabisa kuwa papila. Ki-67, kingamwili ya kuonyesha seli zinazogawanyika, ya kloni (toleo la kingamwili) MIB-1, hupaka utando wake wa seli badala ya kiini, jambo ambalo halionekani kwenye papila.

Mezani: yanayoharibu rangi

Formalini iwe ya asilimia 10 iliyowekewa bafa, yaani chumvi za kuzuia isigeuke asidi, ujazo wake angalau mara 10 ya sampuli. Tezi ifunguliwe kwa vipande vya milimita 5 mapema iwezekanavyo, baada ya kuipaka wino nje, na ikae saa 6 hadi 72. Formalini isiyo na bafa huacha punje za kahawia nyeusi juu ya tishu. Rangi ya kingamwili nayo ni kahawia. Ukitazama kwa lenzi kubwa utaona punje hizo zimelala juu ya kila kitu, hata juu ya chembe nyekundu za damu, bila kufuata umbo la seli. Alkoholi iliyokolezwa asidi ya pikriki huziondoa kabla ya kupaka. Hemosiderini ya damu ya zamani ni kahawia pia, ila ya dhahabu na inayometa. Ndiyo sababu slaidi ya rangi ya kawaida ikae kando ya hadubini muda wote unaposoma kingamwili: kahawia iliyokuwepo tangu mwanzo haihesabiwi.

Sehemu zikatwe mikroni 3 hadi 4 kwenye slaidi zenye chaji, zikaushwe kwenye joto la nyuzi 60 kwa saa moja. Koloidi hupasuka na kukunjamana, na wakati wa kuchemsha huwa ya kwanza kung'oka. Bloku ikae kwenye maji baridi dakika chache kabla ya kukatwa. Kufunua antijeni, yaani kuzifungua molekuli ambazo formalini imezifunga ili kingamwili izifikie, Tris-EDTA ya pH 9 kwa dakika 20 kwenye nyuzi 95 hadi 98, kisha ipoe dakika 20 ndani ya bafa yake, ndiyo njia inayofanya kazi kwa nyingi ya kingamwili hizi; karatasi ya mtengenezaji ndiyo ya mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kuchemsha, usijumlishe dakika ulipowaka tena. Anza na slaidi mpya.

Peroksidi ya haidrojeni ya asilimia 3 kwa dakika 10 isirukwe, maana thairoidi ina damu nyingi na kimeng'enya chake yenyewe cha peroksidesi, ambacho huzusha kahawia ya uongo. Kingamwili ya kwanza dakika 30 hadi 60 kwa joto la chumba, na watengenezaji wanaposema joto la chumba wanamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari hapa Dar kinapita 30, na matokeo yake ni ukungu wa kahawia nyuma ya kila kitu. Chemba iwe na unyevu. Slaidi ikikauka ukingoni, ukingo huo utapaka hata usipoweka kingamwili.

Chupa zikae nyuzi 2 hadi 8, mbali na mlango wa friji, na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini kisomwe kila asubuhi. Friji iliyozimika usiku na kuwaka alfajiri itakuwa baridi ukifika. Kipimajoto hicho ndicho kitakachokuambia.

Hesabu ya kununua

Chupa ya tayari-kwa-matumizi ya mililita 7, kwa mikrolita 100 kila slaidi, inatoa slaidi 70 bila kumwagika kitu. Chupa ya mililita 0.1 iliyokolezwa, ikichanganywa 1 kwa 100, inatoa mililita 10, yaani slaidi 100 kwa kipimo hichohicho. Iliyokolezwa huwa na nafuu kwa slaidi, lakini inadai mtu wa kupima michanganyiko mitatu hadi minne kabla ya kuianza, na slaidi hizo za majaribio nazo ni gharama. Kwa maabara yenye kesi mbili za thairoidi kwa mwezi, chupa kubwa itaisha muda kabla ya kuisha.

Vilevile, mgonjwa mmoja kwa viashiria vitatu si slaidi tatu. Ni tatu zake, tatu za udhibiti, na moja isiyo na kingamwili ya kwanza: saba. Punguza kwa kuweka tishu ya udhibiti kwenye slaidi ya mgonjwa. Tishu hizo ziko kwenye kabati la bloku tayari: papila iliyothibitishwa yenye tezi ya kawaida kando, ini, ambalo mirija yake ya nyongo hupokea CK19 na seli zake za kawaida hukataa, na mfuko wa ngiri, ambao utando wake wa mesotheliamu hupokea HBME-1 vizuri sana.

Tukipewa fedha ya kingamwili moja tu kwa maabara inayoona rovu na uvimbe wa folikuli kwa wingi, tutanunua ERG. Ya pili HBME-1, ya tatu galektini-3 na polima yake. Kalsitonini inaingia kabla ya CK19. VE1 baada ya hapo, na CD56 mwisho, tena kwa maabara inayodhibiti formalini yake yenyewe tu. Hospitali inayopokea zaidi vinundu vidogo vya papila vilivyogunduliwa kwa altrasaundi inaweza kuanza na HBME-1 na galektini-3 bila kukosea.

Turudi kwenye kinundu cha mama

Ganda lote liingie kwenye kaseti, na kila slaidi isomwe. Pale penye mashaka ya mshipa, ERG. Viini vipewe alama kwa mambo matatu: ukubwa na umbo, kukunjamana kwa ukingo, na kupauka kwa kromatini; alama 2 au 3 zinatosha kuviita vya namna ya papila. Alama ikiwa inayumba kati ya 1 na 2, HBME-1 na galektini-3 zinaingia hapa, na si kabla. Zikiwa hasi zote mbili na hakuna kupenya, ni adenoma ya folikuli. Zikiwa chanya na alama ikathibitika 2, ganda likiwa zima, papila za kweli, yaani vijidole vya tishu, zikiwa chini ya asilimia 1, hakuna nekrosisi (tishu iliyokufa), migawanyiko ya seli si mingi, sehemu ngumu zisizo na folikuli zikiwa chini ya asilimia 30 na VE1 ikiwa hasi, huo ni NIFTP. Ganda likiwa na sehemu ambayo haieleweki imepenywa au la, hata baada ya kukata bloku kwa kina zaidi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani una kundi la uvimbe usiojulikana kama utakuwa saratani. Tumia jina hilo kuliko kulazimisha.

Ripoti itaje kloni, asilimia ya seli zilizopaka, rangi ilipokaa, hali ya udhibiti, idadi ya bloku, na kama ganda limechunguzwa lote au sehemu. Daktari wa upasuaji akisoma "HBME-1 chanya" bila sentensi ya ganda, atasoma saratani. Ikiwa ni NIFTP na kinundu kimetoka chote, mpigie simu umwambie kabla ripoti haijamfikia kwamba nusu ya tezi iliyobaki ibaki ilipo.